Kesi ya Utenzi wa Nyumba Tupu

Ipo nchi moja ambayo jina lake halitaandikwa hapa, kwa kuwa kuliandika kunahitaji kibali, na ofisi iliyokuwa ikitoa kibali hicho ilifungwa mwaka juzi kwa kukosa kibali. Ni nchi nzuri tu. Ina milima miwili, mto mmoja na Wizara ya Maana.

Wageni huuliza Wizara ya Maana inafanya kazi gani. Inafanya kazi kubwa. Zamani watu wa nchi hiyo walikuwa wakisoma jambo, kisha kila mmoja analielewa kivyake, mpaka unakuta nyumba moja ina maana tano na baba mwenye nyumba hajui hata moja. Serikali ikawaonea huruma. Ikaamua kwamba kila andiko litakuwa na maana moja, iliyopigwa muhuri, na mwananchi atakayeona maana ya pili ataiwasilisha katika kituo cha karibu kabla ya saa tisa alasiri, akiambatanisha picha mbili za pasipoti.

Kiongozi wa nchi huitwa Mwenye Nyumba. Hakujipa jina hilo mwenyewe, la hasha. Aliombwa na Bunge, akakataa mara mbili kwa unyenyekevu, na wale wabunge waliokubaliana na kukataa kwake hawajaonekana mpaka leo. Ndiyo maana nchi nayo, katika hotuba, huitwa Nyumba Yetu.

Katika Nyumba hiyo aliishi Bi. Sauda Mwinyikai, mjane wa miaka hamsini na minane, aliyekuwa amefundisha tenzi za kale chuo kikuu kwa miaka thelathini na mmoja. Hati kongwe za herufi za Kiarabu, zilizoliwa na nondo na kumwagikiwa na mafuta ya taa, yeye alizisoma kama mwingine anavyosoma gazeti, miwani puani na kikombe cha kahawa mkononi. Siasa hakuzigusa. Alikuwa mwoga na alijijua kuwa ni mwoga, na uoga ule ukamfanya aheshimike sana, maana hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno la kumchongea mtu wala la kumtetea.

Mwanafunzi wake bora aliitwa Khalili, kijana wa miaka ishirini na minne, mrefu, mwenye kucheka na vitabu peke yake. Khalili aliandika tasnifu akilinganisha vitu viwili. Cha kwanza ni Utenzi wa Nyumba Tupu, uliotungwa miaka mia mbili iliyopita na Shehe Abudi fulani, akililia jumba la tajiri aliyekufa. Cha pili ni riwaya iitwayo Mwaka wa Madirisha, ya aina ile ambayo wataalamu huiita distopia, yaani hadithi za kesho iliyooza. Humo serikali inaziba kwa matofali madirisha ya watu wote ili wasione wivu wakitazama nje. Hoja ya Khalili ilikuwa nyepesi. Shehe anageuka nyuma, anaona nyumba iliyobomoka, analia. Mwandishi wa riwaya anatazama mbele, anaona nyumba itakayobomoka, analia. Kilio ni kimoja. Bi. Sauda alimpa alama ya juu kabisa, na pembeni mwa ukurasa wa mia na kumi na mbili akaandika kwa wino mwekundu: Vizuri mno.

Wizara ikachukua tasnifu, riwaya na utenzi kwa ukaguzi. Riwaya ilirudi baada ya wiki moja, safi, haina hatia. Kamati iligundua kwamba yote yaliyomo yalikuwa yameshatekelezwa, kwa hiyo si hadithi ya kubuni tena, ikahamishiwa kwenye rafu ya Taarifa za Utekelezaji. Tabu ilikuwa kwenye utenzi.

*

Hapa inabidi tueleze desturi moja. Mtunzi wa kale, akimaliza utenzi wake, hujishusha. Husema yeye ni dhaifu, ana makosa, ana dhambi, na huwaomba wasomaji wamwombee. Halafu yule anayeinakili hati kwa mkono wake, hata ikiwa ni baada ya miaka mia, huongeza ubeti wake mwenyewe, hutaja jina lake, naye hujishusha vilevile. Ni adabu tu, mfano wa kupiga hodi mlangoni. Khalili aliuhamisha utenzi wa Shehe Abudi kutoka herufi za Kiarabu kwenda herufi hizi tunazosomea hapa, akaifuata desturi. Beti mbili za mwisho zikawa hivi:

Mtungaji ni dhalili,
mkosa wa kila hali,
dhambi zake ni jabali,
Rabi mfutie zake.

Na mwenye kuinakili
ndiye mkosa wa pili,
jina lake ni Khalili,
mwombeeni Mola wake.

Mkaguzi wa Mafumbo, Bwana Shabaha, alizisoma beti hizo akiwa amekaa, akamaliza akiwa amesimama. Katika miaka ishirini ya kazi hakuwahi kukutana na wahalifu wenye ushirikiano kiasi kile.

"Wamekiri wenyewe," aliwaambia wenzake, sauti ikimtetemeka. "Tena kwa vina."

Khalili alikamatwa Jumanne asubuhi, maktabani, akiwa kwenye foleni ya kurudisha hati. Aliandikwa kuwa mshtakiwa wa pili, kwa kuwa ndivyo alivyojiandika mwenyewe.

*

Kesho yake mama yake Khalili alifika kwa Bi. Sauda. Hakuwa amewahi kuingia katika nyumba ile. Alipiga hodi, akakaribishwa kwenye kiti, akakaa chini kwenye mkeka.

"Mwalimu, nimeambiwa mwanangu kaandika kwamba ana makosa. Kweli kaandika?"

"Kaandika, Mama Khalili, lakini ile ni desturi. Watunzi wote—"

"Nani kamfundisha desturi hiyo?"

Bi. Sauda alikuwa anaikumbuka siku yenyewe. Khalili alinyoosha mkono darasani, akauliza, "Mwalimu, lazima nitaje jina langu?" Naye akajibu, "Lazima. Usipojitaja hujanakili, umeiba." Khalili akauliza tena, "Na lazima niseme nina dhambi?" Yeye akasema, "Kwani huna?" Darasa zima likacheka, na Khalili akacheka kuliko wote.

"Mimi," alisema Bi. Sauda.

"Basi wewe ndiye utakayekwenda kuwaeleza. Mimi sikusoma, nitawaeleza nini? Huyo ndiye mtoto wangu wa kwanza na ndiye wa mwisho. Baba yake hayupo. Nirudishie, Mwalimu."

"Nitamrudisha," alisema Bi. Sauda, na akashtuka kwa alivyosema. Maisha yake yote alikuwa hajatoa ahadi bila kwanza kuipima upana na urefu.

*

Kesi ilisikilizwa katika Ukumbi wa Maana. Jaji alikuwa Mheshimiwa Dakta Dakta Mashaka, ambaye pia ni Waziri wa Maana, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Maana na Msikilizaji wa Rufaa. Vyeo hivyo vyote alipewa mtu mmoja ili kuondoa urasimu. Udaktari wake wa kwanza alitunukiwa na chuo alichokizindua asubuhi, na wa pili na chuo hichohicho baada ya chakula cha mchana.

Mshtakiwa wa kwanza, Shehe Abudi, aliitwa mara tatu mlangoni. Hakutokea. Bwana Shabaha akaieleza mahakama kwamba mshtakiwa alifariki miaka mia mbili iliyopita. Mahakama ikaona kwamba kifo hicho hakikutolewa taarifa Wizarani, ikampa onyo.

"Mtukufu Jaji, Waziri na Mwenyekiti!" Bwana Shabaha alianza, akainama mara tatu, mara moja kwa kila cheo. "Upande wa mashtaka leo hauna kazi. Kazi yetu imefanywa na washtakiwa. Lakini naomba niusome ubeti mmoja tu, ili umma uone ukubwa wa fitina." Akakohoa, akasoma:

Uwapi mwenye kujenga,
na milango akafunga?
Leo mchwa wamepanga
ndani ya ukumbi wake.

"Uwapi mwenye kujenga! Anauliza nini huyu, wakati anwani ya Mwenye Nyumba inajulikana na kila mtu? Na mchwa! Mchwa wapangaji katika ukumbi wa Mwenye Nyumba! Upande wa utetezi utasema, oh, shehe alikufa kabla Mwenye Nyumba hajazaliwa. Mheshimiwa, hilo ndilo linalotisha. Huu ni uchochezi uliopangwa miaka mia moja na arobaini kabla ya kuzaliwa kwa mlengwa. Tuna ushahidi gani kwamba hakuna mwingine kama huu, ulioandikwa tayari, unaotusubiri?"

Watu ukumbini walitazama viatu vyao.

Bi. Sauda akaitwa kama mtaalamu. Alisimama, akaishika meza, akaeleza desturi ya beti za mwisho. Alieleza vizuri, polepole, kama alivyozoea.

"Unataka kusema," akauliza Jaji, "kwamba shehe aliposema ana dhambi, alimaanisha?"

"Alimaanisha, mheshimiwa, kama sisi sote tunavyomaanisha tukiomba."

"Sisi sote?" Jaji alimgeukia karani. "Andika. Shahidi anasema sote tuna makosa. Orodha ya majina ataileta lini?"

"Hapana, mheshimiwa, sikusudii hivyo. Ni adabu tu. Ni namna ya kusema."

"Kumbe hakumaanisha. Basi alimdanganya Mungu. Hilo nalo tuandike?"

Karani akasubiri, kalamu hewani. Bi. Sauda aligeuka akamwona Khalili kwenye benchi la washtakiwa, amekonda kidogo, anamtazama kwa yale macho ya darasani, macho ya mtu anayesubiri jibu zuri. Nyuma kabisa aliketi mama yake, mikono mapajani. Bwana Shabaha alikuwa ameshaanza kuomba miaka ishirini.

Ndipo Bi. Sauda akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya shairi lolote.

"Naomba niufafanue ubeti wa mchwa," alisema.

Akaruhusiwa.

"Mheshimiwa, aliyejenga na kufunga milango ni nani? Ni wakubwa wa zamani, kabla ya utawala huu, waliojifungia neema peke yao. Na mchwa ni mdudu gani? Hana uvivu. Hagomi. Hasemi. Anafuata mstari, anamtii mkubwa wake, na anafanya kazi hata pasipo taa. Mchwa ni wananchi wachapakazi. Shehe Abudi aliona kwa mbali kwamba ipo siku majumba ya wanyonyaji watapewa wananchi kuishi. Leo mchwa wamepanga! Mheshimiwa, huu si uchochezi. Huu ni utenzi wa kwanza kutungwa kuusifu Mpango wa Makazi Bora."

Jaji akapiga kofi moja, la pili, na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Bwana Shabaha alitoa leso, akafuta macho. Bi. Sauda alisikia uchungu mdomoni, uchungu wa kweli, wa shubiri. Lakini tuseme ukweli, ndani ya uchungu ule kulikuwa na raha kidogo, raha ya fundi aliyeona kazi yake imekaa sawa, na raha hiyo ndiyo atakayoijutia kuliko uongo wenyewe.

Mahakama iliahirishwa kwa dakika kumi na moja. Iliporudi, Jaji alisoma. Ufafanuzi wa Bi. Sauda umepokelewa, umepigwa muhuri, na kuanzia sasa ni sheria. Utenzi wa Nyumba Tupu ni Utenzi wa Taifa. Mshtakiwa wa kwanza ameachiwa huru na atavishwa nishani kaburini kwake. Kaburi lisipopatikana, atavishwa wa kaburi la jirani. Bi. Sauda ameteuliwa kuwa Mfafanuzi wa Taifa. Bi. Sauda akamgeukia mama yake Khalili, akamwashiria kwa kichwa kwamba yameisha salama.

"Tunakuja kwa mshtakiwa wa pili," alisema Jaji. "Ukurasa wa mia na kumi na mbili wa tasnifu yake. Nanukuu. 'Nyumba tupu ni nyumba ya kila mwenye mamlaka anayedhani hatakufa. Na mchwa ni mchwa. Hawana haraka na hawana chuki, wanamsubiri yeyote.' Mwisho wa kunukuu. Maneno haya yanapingana na maana ya Utenzi wa Taifa."

"Mheshimiwa!" Bi. Sauda alipaza sauti, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. "Sheria hiyo imepita sasa hivi! Yeye aliandika miezi minane iliyopita!"

"Ndiyo. Alikuwa na miezi minane ya kuisubiri, hakusubiri. Miaka kumi na miwili."

Khalili akaulizwa kama ana la kusema. Alisimama. Hakumtazama Jaji.

"Mwalimu," alisema, "ukurasa huo uliniandikia vizuri mno. Bado ni vizuri mno?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mwanafunzi anayetaka kujua alama yake. Bi. Sauda alivua miwani akaifuta, na askari wakamtoa Khalili.

*

Ikapita miaka mitatu. Utenzi wa Taifa uliingia katika kila shule. Siku ya Mwenye Nyumba watoto wa darasa la kwanza huvalishwa magunia ya kahawia, na kupita uwanjani mstari mmoja wakiimba Leo mchwa wamepanga, na wazazi hulia kwa fahari, au hulia tu. Kuua mchwa kukapigwa marufuku. Paa la jengo la Wizara lililiwa likaanguka juu ya masjala, na taarifa rasmi ikasema kwamba wananchi wachapakazi wameitembelea Wizara na kuridhishwa na utendaji wake.

Bi. Sauda alipewa ofisi yenye kiti kikubwa na isiyo na dirisha. Kazi yake ilikuwa kukaa. Kila Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, mama yake Khalili alikuja akakaa chini mlangoni. Hakumgombeza, hakumlaani. Aliuliza tu, "Lini, Mwalimu?" Bi. Sauda angetoa chochote ili atukanwe badala ya kuulizwa vile.

Aliandika barua kwa Waziri Mashaka. Nilikosea, aliandika, shairi lile halina maana niliyoitoa, naomba Khalili aachiwe. Jibu lilikuja kwa haraka isiyo ya kawaida. Wizara ilimshukuru kwa unyenyekevu wake. Kama alivyoifundisha mahakama mwenyewe, mtaalamu wa kweli hujiita mkosaji kwa adabu tu. Akaandika ya pili: Sikukosea. Nilisema uongo, kwa makusudi, kumwokoa mtu. Jibu lilisema kwamba haijawahi kuonekana adabu ya kiwango hicho, na barua yake itachapishwa kuwa dibaji ya kitabu cha shule.

Ya tatu hakuiandika. Alikwenda mwenyewe.

Waziri alimsikiliza mpaka mwisho, akamtoa karani nje, akafunga mlango kwa mkono wake. Bila karani alionekana mfupi zaidi, na amechoka.

"Bi. Sauda," alisema, "utenzi ule nilifundishwa na marehemu babu yangu, nikiwa na miaka tisa. Nililia mpaka nikabembelezwa na sukari guru. Unadhani mimi sijui mchwa ni nini?"

Bi. Sauda akakaa bila kukaribishwa.

"Sasa kwa nini, mheshimiwa? Kama unajua?"

"Kwa sababu watoto wameshaikariri. Maana ikishakaririwa, mama yangu, si yako tena wala si yangu. Hata yeye wa juu haiwezi. Mwaka jana aliuliza, hivi huu utenzi si wa msiba? Tukamwambia hapana. Akaogopa kuuliza tena." Waziri alijifuta uso. "Nakuhurumia, kwa hiyo nisikilize. Ipo kanuni. Mfungwa wa maana akifaulu mtihani wa maana mbele ya Mfafanuzi wa Taifa, anatoka siku ileile. Swali ni moja, jibu ni maneno mawili. Nenda kamwambie aseme maneno mawili."

*

Jumatatu asubuhi Bi. Sauda alifika gerezani. Nje ya geti mama yake Khalili alikuwa ameshafika, kafumbata mfuko, uso umejaa matumaini kiasi cha kuogopesha. Ndani palikuwa na meza, viti viwili, na askari mmoja mnene, mpole, aliyewekwa kuandika kila litakalosemwa.

Khalili aliingizwa. Kichwa kimenyolewa, nguo za gereza zinampwaya mwilini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Alitamani asingeamkiwa. "Khalili, mama yako yuko nje. Yupo hapo tangu saa mbili. Ni maneno mawili tu. Yaseme, utoke, halafu moyoni mwako uamini unachotaka. Nakuomba."

"Wewe moyoni mwako unaamini unachotaka?"

"Kila siku."

"Inasaidia?"

Bi. Sauda akaangalia meza. Askari akakohoa kwa adabu, akasema swali lisomwe.

"Katika Utenzi wa Taifa," alisoma Bi. Sauda, "mchwa ni nini?"

Khalili akauliza, "Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusubiri."

Macho yakamjaa machozi, na Bi. Sauda akaona midomo yake inajikusanya, akajua anakwenda kuyasema, akamshukuru Mungu.

"Mchwa ni mchwa, Mwalimu," alisema Khalili. "Nisamehe. Nimejaribu."

Askari aliandika. Akamgeuzia Bi. Sauda karatasi ili aweke alama. Palikuwa na visanduku viwili: Sahihi na Si sahihi.

Aliogopa, tusimpambe. Alifikiria nyumba yake, kitanda chake, kahawa yake ya asubuhi. Akiweka alama kwenye kisanduku cha pili atarudi kwenye kiti chake kikubwa, Khalili atarudi selo, na Ijumaa ataulizwa lini. Lakini alikuwa amesahihisha karatasi za watoto wa watu kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumkosesha mtu jibu ambalo amelipata. Akaweka alama kwenye Sahihi, akatia saini.

Khalili aliinama akaitazama alama ile, akatabasamu mpaka meno yakaonekana.

Askari alisoma mara mbili, akatoa kitabu cha kanuni, akalowesha kidole. Jambo lilikuwa gumu. Alama ya Mfafanuzi wa Taifa haipingwi, kwa hiyo mfungwa amefaulu na lazima atolewe leo. Lakini jibu lenyewe ni kosa, limetendeka mbele ya askari, kwa hiyo mtendaji lazima akamatwe leo, pamoja na aliyelikubali. Na kanuni hairuhusu kumkamata mtu aliye gerezani. Lazima kwanza awe huru. Akapiga simu Wizarani, akaambiwa afuate kanuni, zote.

"Basi mfungwa atatoka saa tano na dakika kumi," alisema askari, "na atakamatwa saa tano na dakika kumi na moja. Nje ya geti, tafadhali, imeandikwa nje." Na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaongeza kwa sauti ya chini, "Saa yangu huwa inachelewa kidogo."

Bi. Sauda, kwa kuwa alikuwa huru tayari, hakuhitaji kutolewa kwanza. Alifungwa pingu palepale kwenye kiti chake cha mtahini, akahamishiwa benchi la ndani ya geti. Kutoka pale, geti lilipofunguliwa, aliona yote.

Mama yake Khalili alikuwa ameelezwa nusu tu ya habari. Hakupiga vigelegele, hakulia. Alimshika mwanawe usoni, akamgeuza huku na huku, akamgeuza tena. Kisha akafungua mfuko, akatoa shati jipya la buluu lenye pindo za mkono, akamvisha juu ya nguo za gereza, akifunga vifungo kuanzia chini. Shati lilimpwaya. Mabega yalishuka mpaka karibu na viwiko.

"Limekupwaya," alisema. "Nimelishona kwa kipimo cha zamani. Nitalipunguza."

"Ndiyo, mama."

"Hapa kwapani, na hapa. Simama wima."

Akachomoa pini kwenye ukingo wa kanga yake, nyingine akazishika kwa midomo, akaanza kukunja na kudunga. Khalili alisimama wima, mikono imeinuliwa kidogo. Askari alitazama saa yake. Akaitikisa, akaisogeza sikioni, akaitazama tena. Alitazama kuta, akatazama barabara. Mwishowe akaondoa kofia, akaivaa tena, akasogea.

"Mama," alisema, "muda."

"Ngoja kwanza, baba," alijibu mama yake Khalili, pini midomoni, bila kugeuka. "Nimebakiza upande mmoja."